Je, wajua? Tairi linaloning'inia haliibi nguvu za mwenzake

Chukua gari la zamani la 4x4 kwenye njia ya mlimani yenye makorongo. Tairi la mbele kushoto limepanda jiwe, la nyuma kulia limepanda tuta, na mawili yaliyobaki yananing'inia. Dereva anakanyaga mafuta. Yaliyo hewani yanazunguka kwa fujo, yaliyokanyaga ardhi yametulia kana kwamba injini haiwahusu. Kwa nini?

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu: difu, yaani gia zilizo katikati ya ekseli zinazogawia matairi yake mawili mzunguko wa injini, hupeleka nguvu zote kwenye tairi jepesi, kama maji yafuatavyo mteremko. Nililisema kwa sauti ya mjuzi, nikalirudia kwa yeyote aliyeuliza. Nilikosea, na tatizo la kosa hili ni kwamba linafanana mno na kile macho yanachoona.

Kazi ya difu inajulikana: kuruhusu matairi ya ekseli moja yazunguke kwa kasi tofauti kwenye kona. Matairi yakiwa na nafasi ya mita 1.3 kati yake, gari likizunguka duara kamili tairi la nje hutembea mita 8 na ushei zaidi ya la ndani, duara liwe kubwa au dogo. Bila difu, mojawapo lingeburuzwa.

Sasa ndani yake. Fikiria mtu aliyebeba mzega: mti begani, ndoo huku na ndoo huku. Bega liko katikati, kwa hiyo ndoo lazima ziwe sawa. Kamba ya ndoo moja ikikatika, mti unapinduka na ndoo ya pili inashuka chini, hata kama mbebaji ana misuli ya punda. Ndoo iliyoanguka haikuchukua uzito wa mwenzake. Imeacha tu kuusawazisha.

Gia ndogo za katikati ya difu ni mizega mifupi. Zinasukumwa katikati, na meno yake yanasukuma hafu shafti (chuma kinachotoka kwenye difu kwenda kwenye tairi) ya kushoto na ya kulia kwa kani ileile. Kwa hiyo torki, yaani kani ya kusokota, hugawanywa nusu kwa nusu, ukiacha tofauti ndogo inayoletwa na msuguano wa gia zenyewe. Tuseme tairi lililo hewani linahitaji torki ya newtonmita 30 tu kuzunguka. Lililo kwenye mwamba nalo litapata 30 hizohizo, wakati kupanda kunataka 1,000. Kuongeza mafuta hakusaidii, maana huwezi kusukuma kwa nguvu kitu kisichokupinga. Jaribu kulipiga pazia ngumi ya nguvu zako zote uone.

Kwa hiyo hakuna wizi. Matairi yote mawili ni maskini kwa kiwango kilekile, ila mmoja anacheza na mwingine amekaa. Tena anacheza haraka: mwenzake akiwa amesimama kabisa, yeye huzunguka mara mbili ya kasi inayooneshwa na spidomita.

Niwatetee kidogo walio upande wangu wa zamani. Neno "nguvu" linafanya kazi mbili. Ukimaanisha kazi inayofanyika kila sekunde, basi ni kweli karibu yote inaishia kwenye tairi linalozunguka, kwa sababu lililosimama halifanyi kazi yoyote. Lakini gari linahitaji torki ili litoke, na torki iko sawa pande zote.

Vipi kuhusu 4x4? Gia ya 4x4 kwenye magari mengi ya zamani hufunga shafti ya mbele na ya nyuma pamoja, basi. Kila ekseli inabaki na difu yake iliyo wazi, yaani ile ya mzega, inayogawa nusu kwa nusu. Tairi moja la mbele na moja la nyuma yakielea, umekwama ukiwa na 4x4 kamili.

Hapo ndipo mtu hushauri uvute handbreki kidogo ili tairi linalozunguka lipate upinzani. Kimsingi wazo ni zuri, ila breki ikishika pande zote mbili sawasawa, torki inayoongezeka kwenye tairi la ardhini inamezwa na breki yake yenyewe. Wapo madereva wanaoapa kwamba imewatoa. Huenda ni kwa sababu breki za gari kuukuu ni nadra kushika sawa. Trekta zina jibu safi zaidi: pedali mbili za breki, kila moja kwa tairi lake la nyuma. Na kwenye Land Rover za zamani ushauri huo ni kichekesho, kwani handbreki yake haiko kwenye matairi kabisa. Inashika shafti ya nyuma inapotoka kwenye gia boksi, yaani inazuia torki kabla haijafika kwenye difu.

Njia ya hakika bila spana ni kulipa tairi linaloning'inia kitu cha kukanyaga. Jiwe chini yake, au abiria mnene kusimama kwenye bampa upande huo. Likigusa ardhi na kupata upinzani wa 500, mwenzake naye anapata 500 palepale. Ndiyo maana kuinua gari kwa springi ngumu za mabapa kunaweza kulidhoofisha mlimani: linapendeza kwa kimo, lakini ekseli haipindi tena kufuata ardhi na matairi yanaanza kuelea mapema.

Na kuna loki ya difu, inayounganisha hafu shafti mbili ziwe kama chuma kimoja. Mercedes G-Class iliingia sokoni mwaka 1979 ikiwa na chaguo la loki mbele na nyuma. Ukifunga loki, mzega haupo tena, na torki huenda palipo na mshiko. Hapo ndipo tairi moja linapoweza kweli kuchukua karibu torki yote ya ekseli, ila ni lile lililo ardhini. Hafu shafti yake, iliyozoea nusu maisha yake yote, sasa inabeba mzigo mzima, na zile za Land Rover za zamani zilishajulikana kwa kukatika hata kabla ya loki. Wazoefu hununua hafu shafti imara kwanza, loki baadaye.