Chumvi ya bahari haiui kila kijidudu

Pwani wengi tumekua tukiambiwa: ukijikata, kaoge baharini, chumvi itaua vijidudu. Si kweli. Bakteria wa kipindupindu hustawi kwenye maji ya chumvichumvi, hasa mto unapokutana na bahari. Huko hujibandika kwenye magamba ya viduduchembe vya majini kwa protini iitwayo GbpA. Ajabu ni kwamba protini hiyohiyo hunata kwenye ute wa utumbo wetu, maana gamba na ute vina sukari ya aina moja. Na kwa kuwa bakteria hao hujibandika kwenye viduduchembe, huko Bangladesh kuchuja maji kwa sari iliyokunjwa kulipunguza wagonjwa karibu nusu: kitambaa kilinasa vidudu hivyo pamoja na abiria wao. Ndugu wa bakteria wa kipindupindu, Vibrio vulnificus, hupenya kidondani. Kidonda kioshe kwa maji safi na sabuni.