Je, wajua kwa nini gari la mtu mwenye ulemavu linahitaji mita 3.30 mbele ya nyumba?

Jioni, hapa Lubumbashi, Kongo, kwenye avenyu nyingi za komini za Katuba, Kamalondo au Kenya, magari husimama ukingoni kabisa, gurudumu likikaribia kugusa kanivo, yaani mfereji wa maji ya mvua, na kutoka mlango wa gari hadi geti la parseli (kiwanja cha nyumba) ni hatua tatu. Anayetembea kwa miguu hata hazioni. Anayetumia kiti cha magurudumu anazijua moja moja: hapa pana mchanga mwingi, hapa bamba la kanivo limevunjika, hapa ukingo umepanda. Hatua hizo tatu ndizo zinazoamua kama mtu ataingia kwake kwa nguvu zake mwenyewe au atangoja vijana wawili wapite wambebe.

Watu wengi wa Lubumbashi wakiona nafasi pana yenye alama ya kiti cha magurudumu hudhani upana ule ni heshima anayopewa mtu. Ukichukua mita ya fundi utaona kila sentimita ina kazi yake.

Vipimo vya Ufaransa vinatufaa kwa kulinganisha, maana huko nako huendesha upande wa kulia kama sisi. Nafasi ya mtu mwenye ulemavu huko haipungui mita 3.30 kwa upana na mita 5 kwa urefu. Gari dogo kama Corolla lina upana wa mita 1.70 na kitu. Likisimama katika nafasi ya kawaida ya mita 2.50, sentimita zinazobaki hazifiki 80, na mlango hauwezi kufunguka wote. Kiti cha magurudumu chenyewe kina upana wa sentimita 65 hadi 70, na vidole vya mwenye kiti vinahitaji nafasi nje ya gurudumu. Hapo hapapitiki. Ongeza sentimita 80, na pembeni mwa gari panabaki karibu mita 1.50, kipimo kile kile ambacho kiti cha magurudumu kinahitaji ili kizunguke mahali pamoja.

Tazama mtu anavyoshuka, utaelewa. Mlango unafunguliwa hadi mwisho. Kiti kinasogezwa karibu na siti ya gari, kimekaa mshazari kidogo, breki zimefungwa. Mkono mmoja unashika siti ya gari, wa pili unashika kiti, na kwa sekunde moja au mbili mwili wote unaning'inia juu ya mikono miwili. Kiti kikiteleza wakati huo, mtu anaanguka katikati, chini, kati ya gari na kiti. Breki ya kiti hubana mpira wa gurudumu tu. Mpira ukiwa umekwisha, au ardhi ikiwa na changarawe nyekundu iliyolegea, kiti huteleza hata kikiwa kimefungwa breki.

Ndiyo sababu mteremko wa mahali hapo haupaswi kuzidi asilimia 2, kwa urefu na kwa upana. Asilimia 2 ni sentimita 2 kwa kila mita. Kuipima ni rahisi: laza ubao ulionyooka wa mita 1, weka leveli ya mwashi juu yake, inua upande wa chini mpaka leveli itulie, halafu pima pengo lililo chini ya ubao. Likizidi sentimita 2, tafuta mahali pengine au sawazisha ardhi kwanza. Lubumbashi ina bahati ya kuwa tambarare kuliko Bukavu, lakini ukingo wa avenyu zetu huinamia kanivo ili maji ya mvua yashuke, na mwinamo huo wa upande ndio unaosahaulika. Pima hasa pale kiti kitakaposimama. Katikati ya barabara hapakuambii kitu.

Sasa kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilijadili sana, na kwetu ni kubwa: usukani. Tunaendesha kulia, lakini magari mengi hapa yamepitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yakiwa na usukani upande wa kulia. Gari lenye usukani kushoto likisimama ukingoni kulia, dereva anashukia upande wa barabara na abiria wa mbele anashukia upande wa kanivo. Lenye usukani kulia ni kinyume chake. Kwa hiyo kabla ya kuchora chochote, uliza maswali mawili: mwenye ulemavu anaendesha au anaendeshwa? Na usukani uko wapi? Akishukia upande wa kanivo, zile mita 1.50 za pembeni ziwe kati ya gari na kanivo, yaani gari lisimame mbali kidogo na ukingo. Akishukia upande wa barabara, ziwe upande wa barabara, ndani ya mstari, ili pikipiki za teksi zisipite mlangoni. Kama avenyu ni nyembamba kiasi kwamba mita 3.30 zinaziba njia, ni heri nafasi ihamishiwe kwenye avenyu ya pembeni, mita 20 au 30 kutoka geti, kuliko kuchora nafasi ya mita 2 mbele ya nyumba ambayo haitamsaidia mtu.

Urefu nao una hesabu yake. Magari yakisimama moja nyuma ya jingine, mita 5 hazimwachii mtu nafasi ya kufungua buti na kutoa kiti. Uingereza wanapendekeza mita 6.60 kwa nafasi za aina hiyo. Corolla ina mita 4.50 hivi, kwa hiyo zinabaki zaidi ya mita 2 nyuma yake. Hizo ndizo za kiti, na ndizo zinazoibwa kwanza na jirani anayesogeza gari lake "kidogo tu". Kumbuka pia kwamba wengi wenye ulemavu mjini hapa hawana gari. Wanakuja na teksi, au wana baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Nafasi hii ni yao vilevile: teksi inasimama, mtu anashuka, teksi inaondoka. Baiskeli hiyo ni ndefu kuliko kiti na haizunguki mahali padogo, kwa hiyo iachie njia iliyonyooka hadi getini.

Na hapo tunafika kwenye kanivo, ambako kazi nyingi nzuri hufia. Unaweza kupaka rangi, kusimamisha kibao, kupima mteremko, na mtu bado akabaki ng'ambo ya kanivo lenye upana wa sentimita 60. Mbao mbili zilizolazwa juu hazitoshi. Zinaoza msimu mmoja wa mvua, na nafasi iliyo katikati yake humeza gurudumu dogo la mbele la kiti. Pengo lolote linalozidi sentimita 2 ni mtego.

Suluhisho la kudumu ni mabamba ya zege. Kwa kanivo la sentimita 60, tengeneza mabamba mawili, kila moja urefu wa mita 1 kuvuka kanivo, upana wa sentimita 70, unene wa sentimita 10. Kila upande bamba litalala juu ya ukuta wa kanivo kwa sentimita 20, na mabamba mawili yakikaa pamoja yanatoa njia ya mita 1.40. Hesabu ya zege ni mita za ujazo 0.14, na kwa kipimo cha kilo 350 za simenti kwa mita ya ujazo unatumia mfuko mmoja wa kilo 50, toroli moja ya lita 60 ya mchanga na toroli mbili za kokoto. Nondo za milimita 8 zisukwe kila sentimita 15 na zikae chini, sentimita 3 kutoka uso wa chini wa bamba, kwa sababu uzito ukikanyaga juu, bamba hupasukia chini. Nondo zikiwekwa juu ni kama hazipo. Mwagilia maji siku 7, funika kwa gunia bichi, usilipitishie mtu mapema. Kila bamba litakuwa na kilo 175 hivi. Wanaume wanne wenye kamba wanaweza kulinyanyua siku ya kuzibua kanivo. Ukimwaga bamba moja kubwa badala ya mawili, halitanyanyuliwa tena, matope yatajaa chini yake, na mvua ya Januari itapita juu hadi ndani ya parseli. Bamba hili ni la watu na viti. Kama geti ni la gari, mwite fundi aongeze unene na nondo.

Usitumie kifuniko cha chuma ukiweza kuepuka. Kinauzika kama chuma chakavu, na siku kikiondolewa usiku anayekigundua ni mwenye kiti.

Sehemu ya juu ya bamba iachwe na mikwaruzo ya ufagio, isilainishwe kwa mwiko, isije ikateleza. Linapokutana na ardhi, ngazi isizidi sentimita 2, na kama ardhi iko chini zaidi, jaza udongo uliotiwa simenti na kushindiliwa, mteremko wake usizidi asilimia 5, yaani mita 1 kwa kila sentimita 5 za kupanda.

Kuhusu alama, kwenye lami rangi ya barabara inatosha. Rangi ya mafuta ya ukutani hubanduka haraka. Kwenye avenyu za udongo hakuna rangi itakayodumu, vumbi jekundu la Agosti litaimeza. Zika matofali ya kuchoma au vipande vya zege kwenye pembe nne, sawasawa na ardhi, na upake vichwa vyake. Kibao ndicho kinachobeba kazi: alama nyeupe ya kiti juu ya buluu, iliyobuniwa mwaka 1968 na mwanafunzi wa Denmark, Susanne Koefoed, ikaongezewa kichwa mwaka uliofuata ili ionekane ni mtu. Chagua kibao kinachorudisha mwanga wa taa za gari, kwa sababu umeme ukikatika kibao cha kawaida hakionekani.

Je, nafasi hiyo ni ya nani? Swali hili ndilo linalogombanisha majirani. Uingereza, nafasi inaweza kuchorwa kwa ombi la mkazi mmoja, lakini mwingine yeyote mwenye kadi ya ulemavu anaruhusiwa kusimama hapo. Uholanzi na Italia kuna pia nafasi ya mtu mmoja: Uholanzi kibao huonyesha namba ya gari, Italia hubeba namba ya kibali chake. Kwa mtaa wetu wa makazi, njia ya Uingereza ndiyo bora, tena ni salama zaidi. Nafasi yenye jina la mtu huonekana kama parseli iliyoongezwa barabarani, na mgogoro wa ardhi huanza hapo. Usiandike jina. Weka alama tu.

Barabara ni ya umma, kwa hiyo hakuna mkazi anayejisimamishia kibao. Anza kwa chifu wa avenyu na chifu wa mtaa, halafu andika barua kwa bugumesta, yaani mkuu wa komini, nakala kwa OVD wanaoshughulikia barabara na mifereji, na nyingine kwa polisi wa barabarani. Aya ya kwanza ya barua itaje ibara ya 49 ya Katiba ya 2006, ibara ya 9 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 2015, na sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 kuhusu haki za watu wenye ulemavu. Ambatanisha mchoro wenye vipimo (geti, kanivo, mti, nguzo ya umeme), cheti cha daktari, na sahihi za majirani wa kulia, kushoto na ng'ambo. Sahihi hizo zina uzito kuliko unavyodhani, maana anayetunza nafasi saa tano usiku ni jirani. Nafasi isizibe geti la mtu mwingine na isikaribie kona kwa chini ya mita 5.

Kinachoiua nafasi baadaye mara nyingi si gari la mtu mkorofi. Ni rundo la mchanga la anayejenga, magunia ya makaa yaliyoegeshwa "mpaka jioni", viti vya matanga. Na zaidi ya yote, ni Salongo, siku ya usafi wa pamoja: wakazi wanazibua kanivo kwa moyo mzuri, matope wanayatupa ukingoni, na ukingoni ndipo pale pale kiti kinapopita. Yakikauka yanakuwa magumu kama tofali. Kubalianeni mapema matope yaende upande wa pili na yabebwe siku hiyo hiyo.

Mvua za kwanza za Novemba zikishapita, rudi na ule ubao wa mita 1. Maji huchimba udongo kwenye ncha za mabamba, na ngazi ya sentimita 2 huwa 6 bila mtu kuona. Toroli moja ya changarawe iliyochanganywa na simenti, ikishindiliwa vizuri, inairudisha ilivyokuwa.