Micro Four Thirds: maana ya kihisi kidogo na lenzi zake

Lenzi mbili ziko mezani kwangu. Zote za Olympus, zote 14-42mm (namba inayoonyesha lenzi inavuta karibu kiasi gani), zote f/3.5-5.6 (namba ya tundu la kupitisha mwanga: ikiwa ndogo, tundu ni pana). Moja inakaa kwenye kamera yangu kama kifuniko kwenye sufuria yake. Nyingine haikai hata uilazimishe vipi. Ukizisoma haraka huoni tofauti. Ya kwanza imeandikwa "M.Zuiko Digital", ya pili "Zuiko Digital" tu. Hiyo M ndiyo habari yenyewe. Ile ya pili niliinunua mtumba kwa mtu aliyeniapia, "Four Thirds ni Four Thirds, kaka, inaingia hiyo." Nilipofika nyumbani ndipo nikajua kwamba ni mifumo miwili.

Micro Four Thirds si jina la kamera. Ni makubaliano ya vipimo yaliyotangazwa na Olympus na Panasonic mwezi Agosti 2008: kihisi kiwe na ukubwa gani, mdomo wa kamera, pale lenzi inapofungwa, uwe na upana gani, lenzi ikae umbali gani kutoka kwenye kihisi, na lenzi na kamera ziwasiliane vipi. Kwa sababu hiyo lenzi ya Panasonic inaingia kwenye kamera ya Olympus, na ya Olympus kwenye Panasonic, bila adapta yoyote. Kamera ya kwanza ya mfumo huu ilikuwa Panasonic G1, mwaka huohuo wa 2008. Olympus wakafuata na PEN E-P1 mwaka 2009.

(Kihisi ni kile kibati kinachopokea mwanga pale ilipokuwa ikikaa filamu zamani. Mafundi wengi husema "sensa", nami pia nikiwa dukani, ila kwenye maandishi naikwepa, maana ukitamka sensa mtu anawaza karani wa kuhesabu watu.)

Four Thirds ya awali, ile isiyo na "Micro", ilianza na Olympus E-1 mwaka 2003. Hiyo ilikuwa kamera ya kioo. Ndani yake kuna kioo kilicholala mshazari mbele ya kihisi, kinachorusha taswira juu hadi kwenye tundu la kuchungulia. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, "chwak", mwanga unafika kwenye kihisi, kioo kinashuka. Kioo hicho kinahitaji nafasi ya kucheza, kwa hiyo lenzi ilibidi ikae milimita 38.67 kutoka kwenye kihisi. Mwaka 2008 walikitoa kioo, tundu la kuchungulia likawa skrini ndogo ya kielektroniki, na umbali ule ukapungua hadi milimita 19.25. Mdomo nao ukabanwa kwa milimita 6. Watu wengi hudhani "Micro" maana yake kihisi kilipunguzwa. Hapana, kihisi ni kilekile. Kilichopungua ni mwili unaokizunguka.

Na hiyo "theluthi nne" inatoka wapi? Wengi hujibu kwamba picha zake zina uwiano wa 4:3. Uwiano huo ni kweli zinao, lakini jina limetoka mbali zaidi, kwenye mirija ya kioo ya kamera za televisheni za zamani. Mrija ulitajwa kwa kipenyo chake cha nje kwa inchi, ingawa sehemu iliyopokea taswira ndani yake ilikuwa ndogo zaidi. Kihisi hiki kinalingana na mrija wa inchi 4/3. Usichukue rula kutafuta hizo inchi, hutazipata: kihisi chenyewe ni milimita 17.3 kwa 13, na kutoka pembe hadi pembe ni takriban 21.6.

Weka hizo namba kando ya kihisi cha fremu kamili, chenye milimita 36 kwa 24, sawa na filamu ya 35mm. Ulalo wake ni mara mbili, na eneo lake karibu mara nne. Hesabu zote za mfumo huu zinaanzia hapo.

Kwanza, zidisha kwa mbili. Lenzi ya 25mm kwenye Micro Four Thirds inaona pembe ileile inayoonwa na 50mm kwenye fremu kamili. Lenzi yenyewe haijabadilika, ni 25mm popote utakapoiweka. Kihisi kidogo kinachukua kipande cha katikati tu cha taswira. Kwa mpiga picha za wanyama hii ni neema. Lenzi ya Panasonic ya 100-300mm ina uzito wa gramu 520, na inamwona simba aliyelala mbali kama angeonwa na 200-600mm. Lenzi ya Sony ya 200-600mm kwa fremu kamili ina gramu 2,115. Ukikaa kutwa nzima kwenye gari la Serengeti, kila shimo la barabara litakukumbusha hizo kilo mbili.

Sasa upande wa hasara, ambao wauzaji huupitia mbiombio. Fikiria mvua. Weka beseni na bakuli uani, mvua inyeshe kwa dakika kumi. Kina cha maji kwenye vyombo vyote viwili ni kilekile, lakini ukimimina kwenye ndoo, beseni limekusanya mengi zaidi. Mwanga nao ndivyo. Ukiweka f/2.8 kwenye kihisi kidogo na f/2.8 kwenye fremu kamili, kasi ileile ya kupiga na ISO (kiasi kamera inavyokuza mwanga uliopokelewa) ileile, picha zote mbili zitatoka na mwangaza uleule: kina kimelingana. Ila beseni limekusanya mwanga karibu mara nne ya bakuli, na mwanga ukiwa haba ndipo chenga, yaani vidoadoa kwenye picha, zinapojitokeza.

Nililijua hili kwenye ukumbi wa harusi, saa tatu usiku, taa za zambarau, MC ameamua keki ikatwe gizani ili fataki zionekane. Kwa lenzi iliyokuja na kamera, ambayo kwenye 42mm haifunguki zaidi ya f/5.6, nililazimika kupandisha ISO hadi 6400. Uso wa bibi harusi ukatoka na chengachenga kama televisheni ya zamani iliyoyumba antena. Dawa yake haikuwa kamera nyingine. Ilikuwa lenzi isiyovuta (yenye namba moja tu ya mm) yenye tundu pana: 25mm f/1.7 inapitisha mwanga zaidi ya mara kumi ya f/5.6, na ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu za mfumo huu. Kwa maoni yangu mtu asijinunulie mwili mpya wa Micro Four Thirds kabla ya kupata lenzi moja ya namna hiyo.

Jambo la pili ni ule usuli unaoyeyuka nyuma ya mtu, ambao wateja wa siku hizi wanaudai kama haki yao. Hapa pia unazidisha kwa mbili. Lenzi ya Olympus ya 45mm f/1.8 ina gramu 116, nyepesi kuliko simu nyingi, na inapiga picha za uso vizuri sana. Ila kwa kuyeyusha usuli inalingana na 90mm f/3.6 ya fremu kamili. Usuli unalegea, haufutiki kabisa. Upande wa pili wa hilo ni kwamba ukipiga kundi la watu kumi waliosimama safu mbili, nyuso za nyuma nazo zinatoka kali bila kubana tundu sana, na hapo mwenye kihisi kidogo anacheka.

Mfumo huu si mdogo kuliko yote iliyowahi kubadilishwa lenzi. Nikon walitoa Nikon 1 mwaka 2011, kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8, wakaufunga mwaka 2018, na wenye lenzi zake wakabaki nazo. Micro Four Thirds umevuka misukosuko: Olympus walijitoa kwenye kamera, biashara ikahamia OM Digital Solutions kuanzia Januari 2021, na lenzi zilezile zinaingia kwenye kamera mpya za OM System.

Ile lenzi yangu isiyoingia bado ninayo. Adapta yake ipo, lakini kwenye kamera nyingi za mfumo huu fokasi yake inatafutatafuta kama mtu anayepapasa swichi gizani. Ukienda kununua mtumba, igeuze lenzi utazame nyuma, ndani ya pete ya chuma, uhesabu vijino vya dhahabu. Za Micro Four Thirds ni 11. Yangu ina 9.