Mlezi wa wosia ni nani?

Mlezi wa wosia ni mtu ambaye mzazi, angali hai, amemtaja kwa maandishi ashike malezi ya mtoto mzazi huyo akifariki. Nchini Kenya uteuzi huu umo katika Sheria ya Watoto ya 2022. Unaweza kufanywa ndani ya wosia au kwa hati ya peke yake. Hati ndiyo nyepesi kwa asiye na shamba wala ploti ya kugawa lakini ana watoto.

Wengi hudhani walishamaliza jambo hili kazini. Jina la dada yako kwenye fomu ya jamaa wa karibu litafanya apigiwe simu ukilazwa. Lile la kwenye Sacco linahusu akiba yako. Mtoto hayumo katika fomu hizo. Hata msimamizi wa ubatizo, pamoja na heshima zake zote, hawi mlezi kisheria kwa ubatizo tu.

Ukurasa mmoja unatosha: jina lako kamili na nambari ya kitambulisho, jina la mtoto kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, kisha “namteua fulani awe mlezi wa mtoto huyu nikifariki; akiwa hayupo au akikataa, namteua fulani mwingine.” Tia tarehe na sahihi mbele ya mashahidi wawili, nao watie zao papo hapo. Hapa ndipo hati nyingi huharibika: mzazi anatia sahihi Jumapili akiwa peke yake, karatasi inapelekwa kwa jirani mmoja Jumatatu, kwa mwingine Jumatano. Hao hawakushuhudia chochote. Na kama ni wosia, shahidi asiwe mtu uliyemwachia mali, maana urithi wake unaweza kubatilika.

Uteuzi haumfuti mzazi aliyebaki. Kifungu cha 53 cha Katiba kinawapa baba na mama wajibu sawa, wawe wameoana au la, kwa hiyo mlezi hulea pamoja na mzazi huyo. Mzazi akimkataa mlezi, au mlezi akiona mzazi hafai, mahakama ndiyo huamua. Mama anayelea peke yake na asiyetaka mtoto aende kwa baba asitegemee hati tupu: aeleze sababu humo, na aweke risiti za karo na kumbukumbu nyingine za nani amekuwa akimtunza mtoto.

Mali ni habari nyingine kabisa. Mlezi hapati shamba la mtoto kwa kuwa mlezi. Pasipo wosia, na mrithi akiwa chini ya miaka 18, mahakama haimpi mtu mmoja peke yake barua za usimamizi wa mirathi (kibali cha kushughulikia mali ya marehemu), isipokuwa Mdhamini wa Umma, yaani ofisi ya serikali inayosimamia mirathi, au shirika la udhamini. Shangazi aliyefika na cheti cha kifo akiwa peke yake atarudishwa akatafute mwenzake, na karo inangoja. Ukiandika wosia, taja msimamizi na useme karo itoke kwenye fungu gani. Ni heri anayelisha mtoto na anayeshika hesabu wawe watu wawili.

Muulize mlezi kwanza, kwa kuwa anaweza kukataa. Ukibadili nia, andika hati mpya yenye tarehe na uichane ya zamani. Mpe nakala, na ajue hati asili iko wapi, isije ikawa kwenye sanduku ambalo ufunguo ulikuwa nao wewe tu.