Je, wajua kwa nini jicho la mtoto huingia ukungu tena baada ya upasuaji?

Bibi mmoja wa Hombolo, mjukuu wake wa miaka mitatu akiwa amemkalia mapajani, aliuliza swali ambalo wazazi wengi hutoka nalo kliniki bila kulitamka: "Mtoto wa jicho si walishamtoa? Huu ukungu sasa umetoka wapi?"

Bibi ana haki ya kuuliza. Na jibu ni kwamba mtoto wa jicho hajarudi. Kilichoota pale ni kitu kingine.

Sisi wa Dodoma tuna bahati, kwa sababu mfano wake tunao shambani. Chukua zabibu. Nyuma ya mboni ya jicho kuna lenzi, nayo imefunikwa na ganda jembamba linalopitisha mwanga. Mtoto wa jicho ni lenzi hiyo ikipoteza ung'avu na kuwa nyeupe. Daktari hukata kidirisha cha mviringo upande wa mbele wa ganda, akaifyonza lenzi yote, ganda likabaki. Mara nyingi huweka lenzi bandia humo humo. Lakini jaribu kuinyonya zabibu uone kama ganda litabaki safi kabisa: hapakosi utelezi uliogandamana nalo. Kwenye jicho, masalia hayo ni seli hai, zile zile zilizokuwa zikiijenga lenzi tangu mtoto akiwa tumboni. Hakuna mkono wa daktari unaoweza kuzimaliza zote.

Kwa mzee wa miaka 70 seli hizo huenda polepole. Ukungu ukija, huja baada ya miezi mingi au miaka, na huondolewa kwa mwanga wa leza kwa dakika chache tu, mzee ameweka kidevu kwenye mashine, bila kisu. Mtoto hayuko hivyo. Mwili wake wote uko mbioni kukua, na seli za jicho haziko nyuma. Zinatambaa hadi ganda la nyuma, katikati pale mwanga unapopita, zinazaana na kufanya utando. Ganda la nyuma likiachwa zima kwa mtoto wa chini ya miaka mitano hivi, karibu kila jicho litaingia ukungu. Na mtoto huyo hatakaa ametulia mbele ya leza.

Ndiyo maana, kwa watoto wadogo, daktari hufanya jambo ambalo kwa mtu mzima lingehesabiwa kuwa ajali: hulitoboa ganda la nyuma kwa makusudi. Pakiwa na tundu katikati, seli zinakosa pa kukalia.

Hata hivyo tundu peke yake halitoshi. Nyuma ya ganda jicho limejaa ute mzito, mfano wa ute wa yai, na uso wa ute huo ni kwa seli kama waya kwa mzabibu. Kila mkulima anajua mzabibu ukikosa waya hautambai. Kwa hiyo daktari huukata na kuufyonza ute wa mbele, karibu na tundu. Wengine huongeza hatua moja: huisukuma lenzi bandia ipite kwenye tundu la ganda na kunasa, kama kifungo kwenye tundu la shati, ili seli zibanwe pembeni. Nchini Ubelgiji, daktari Marie-José Tassignon alibuni lenzi yenye mfereji kuzunguka ukingo wake, na kingo za ganda la mbele na la nyuma huingia humo pamoja.

Kwa wachanga kabisa, mapambano ni makali zaidi. Utafiti wa Marekani ulifuatilia watoto 114 waliofanyiwa upasuaji wa jicho moja wakiwa na umri wa kati ya mwezi mmoja na miezi sita. Walipofika miaka mitano, waliowekewa lenzi bandia mapema walikuwa wamerudishwa chumba cha upasuaji asilimia 72, na waliotumia lenzi ya kuvaa juu ya jicho asilimia 21. Uwezo wao wa kuona haukutofautiana.

Haraka yote hii ni ya nini? Ubongo. Mtu mzima akikaa na ukungu mwaka mzima, ukisafishwa anaona. Ubongo wa mtoto bado unajifunza kuona, na jicho lisiloleta picha safi huachwa. Hapo tunapata jicho vivu, na kuchelewa kunaweza kuacha upungufu wa maisha.

Nyumbani, matone ya kupunguza uvimbe yasikatishwe eti jicho limeacha kuwa jekundu, kwa kuwa jicho la mtoto huvimba ndani sana na uvimbe nao hujenga utando. Tarehe za kurudi zishikwe. Najua kutoka Kongwa au Mpwapwa hadi hospitali ya KCMC Moshi au ya CCBRT Dar es Salaam ni nauli ya kuuza mbuzi. Lakini ukiona weupe kwenye mboni, makengeza mapya, au mtoto analia kila mara jicho lake lisiloumwa likifunikwa, usingoje tarehe.

Na siku ya kuruhusiwa, muulize daktari: ganda la nyuma limefunguliwa, au limeachwa? Jibu liandikwe kwenye daftari la mtoto, maana atakayempima mwakani huenda asiwe yule aliyempasua.