"MSDS tunazo." Sawa, hizo karatasi za usalama wa kemikali mmezisoma?

Juzi nimeambiwa tena, safari hii na muuguzi wa zahanati ya kiwanda kimoja cha viatu: "Daktari, MSDS tunazo zote, zipo kwenye faili." Faili lenyewe jeupe pee, halina hata doa la kidole. Wakati huo kwenye benchi la nje kakaa kijana wa kitengo cha gundi. Kandambili zinamtoka miguuni njiani, hana habari mpaka wenzake wamwite.

Kuamini kwamba karatasi ya muuzaji ndiyo mwisho wa habari kunanichosha kuliko dhana nyingine zote. Karatasi ile kaiandika anayeuza! Kipengele cha 11, cha sumu, kwenye gundi ile kilisema "hakuna data", na muuguzi akaelewa "haina madhara". Mimi naelewa kwamba mwandishi hakujaza. Rudi kipengele cha 3. Pale palikuwa na namba ya CAS, yaani ya kuitambulisha kemikali, 110-54-3: ni n-heksani, kiyeyusho kilichowatia ganzi miguuni watengeneza makubazi wa Japani tangu miaka ya 1960.

Kwa hiyo tafuta kwa namba, achana na jina la biashara. Anza na kadi za usalama wa kemikali za Shirika la Kazi Duniani (ILO) na WHO, kisha mwongozo wa mfukoni wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa afya kazini. Vyote ni bure. Na namba ihakiki kwanza, maana wachapaji hukosea: ondoa tarakimu ya mwisho, zilizobaki zidishe kuanzia kulia kwa 1, 2, 3 na kuendelea, ujumlishe. Hapa ni 4+10+0+4+5, jumla 23. Inaishia na 3, na namba yetu pia. Mimi hufanya hivyo kila mara, wenzangu wanicheke.

Dhana nyingine: "Tuko chini ya kiwango cha sheria." Sheria ya nani? Kwa n-heksani, OSHA ya Marekani, mamlaka ya usalama kazini, inaruhusu ppm 500 (sehemu 500 katika milioni moja za hewa) kwa zamu ya saa 8. NIOSH, Marekani hiyohiyo, inashauri 50. Andika kiwango pamoja na aliyekiweka.

"Harufu imeisha, ingieni." Hidrojeni salfaidi, gesi inayonuka kama mayai viza, ikifika kama ppm 100 huua pua kwanza: harufu imeisha, gesi bado ipo.

Na maziwa, jamani, eti yanaondoa sumu ya gundi. Mvuke umeingia kwa mapafu, maziwa yanakwenda tumboni, vinakutana wapi? Kunyweni, ni chakula kizuri. Ila nilimwomba meneja ankara za maziwa za mwaka mzima, tuzilinganishe na bei ya feni ya kuvuta mvuke mezani pa gundi. Bado nazisubiri.