Kukutwa na vifaa au kumbukumbu za kamari: kosa lenyewe ni lipi?

Mtu anaweza kushtakiwa kwa mambo ya kamari bila polisi kumwona akicheza wala kumkuta mezani, na bila shahidi yeyote kusema alimkabidhi dau. Inatosha wakute karatasi mfukoni mwake, daftari kwenye droo, au mashine iliyofunikwa turubai stoo. Kosa hilo ni kukutwa na vifaa au kumbukumbu za kamari haramu, na ni kosa linalojitegemea. Halihitaji mtu mwingine atiwe hatiani kwanza, wala halihitaji ithibitishwe kwamba kuna aliyeshinda au kushindwa.

Nitalieleza kwa sheria ya jimbo la New York, Marekani, kwa sababu humo limeandikwa kinagaubaga na lina historia inayoonyesha lilikotoka. Liko katika Kifungu cha 225 cha sheria ya makosa ya jinai ya jimbo hilo.

Kwa nini sheria ihangaike na karatasi? Kwa sababu dau lenyewe ni maneno. Mtu anamwambia mwenzake, "niwekee dola tano", anatoa pesa, anaondoka. Dakika tano baadaye hakuna alama yoyote iliyobaki. Lakini anayepokea dau za watu mia mbili hawezi kuzikariri zote kichwani. Lazima aandike nani kaweka nini, kiasi gani, na wakala yupi kaleta. Bila maandishi hawezi kulipa washindi, na asipolipa mchezo unakufa kesho yake. Kwa hiyo maandishi ndiyo uti wa mgongo wa biashara hiyo, na ndiyo ushahidi pekee unaoweza kushikwa mkononi. Wapokea dau walilijua hilo vizuri. Wengine waliandika kwenye karatasi inayoyeyuka majini, wengine kwenye karatasi maalumu inayoungua mara moja ikiguswa na moto, ili polisi wakivunja mlango wasikute kitu.

Harlem, mtaa wa jiji la New York, katika miaka ya 1920 ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Watu weusi wa mtaa ule walicheza mchezo wa namba: unachagua tarakimu tatu, kuanzia 000 hadi 999, unaweka hata senti chache, na siku hiyohiyo namba inatoka. Ili mtu asishuku kwamba imepangwa, ilichukuliwa kutoka kwenye takwimu za kila siku za taasisi iliyosawazisha malipo ya mabenki ya New York, ambazo zilichapishwa magazetini. Aliyepata kwa kawaida alilipwa mara 600 ya dau lake, ingawa uwezekano wa kupata ni mmoja katika 1,000. Tofauti hiyo ndiyo iliyomtajirisha mwenye mchezo.

Chini ya tajiri walikuwapo wasimamizi, na chini yao wakusanyaji waliopita nyumba kwa nyumba, saluni hadi duka la mboga, wakiandika namba kwenye vikaratasi. Hao wakusanyaji ndio waliotembea na ushahidi mwilini. Askari akimsimamisha mmoja na kumkuta na rundo la vikaratasi, kesi ilikuwa imekamilika.

Hata matajiri walinaswa hivyo. Stephanie St. Clair, mwanamke mhamiaji aliyekuwa miongoni mwa wenye mchezo wakubwa wa Harlem, alikamatwa mwishoni mwa mwaka 1929 kwa kukutwa na karatasi za namba. Alishikilia kwamba alisingiziwa kwa sababu alikuwa akiwaanika polisi magazetini. Alitiwa hatiani, akatumikia miezi kama minane, na alipotoka, mwaka 1930, alikwenda mbele ya tume ya Samuel Seabury, iliyokuwa ikichunguza rushwa jijini, na kueleza jinsi alivyokuwa akiwalipa polisi hongo. Habari yake naiona muhimu kuliko ya majambazi wanaopendwa na masimulizi, maana inaonyesha udhaifu wa kosa hili tangu zamani: kitu kidogo kinachoweza kukutwa mfukoni kinaweza pia kutiwa mfukoni. Haijalishi kama unamwamini St. Clair au la. Sheria inayomtia mtu hatiani kwa karatasi ni lazima iweke ulinzi dhidi ya jambo hilo.

Sheria ya sasa imejaribu. Kosa la ngazi ya chini ni kukutwa na maandishi, karatasi au kitu chochote cha aina inayotumika kwa kawaida katika kuendesha biashara ya kupokea dau, au katika kuendesha, kutangaza au kucheza bahati nasibu haramu na mchezo wa namba, huku ukijua yaliyomo au asili yake. Hilo ni kosa dogo, ambalo kifungo chake hakizidi siku 364. Ngazi ya juu inatazama ukubwa wa biashara. Ikiwa kumbukumbu zinaonyesha dau zaidi ya tano zenye jumla inayozidi dola 5,000, au namba zilizochezwa zaidi ya 500, kosa linakuwa kubwa na kifungo kinaweza kufika miaka minne. Hesabu inafanywa kutoka kwenye maandishi yenyewe. Ofisa mwenye uzoefu hupanda kizimbani na kumsomea hakimu mistari ile: hii ni namba, hiki ni kiasi, herufi hizi ni za wakala.

Maneno "huku ukijua" ndiyo moyo wa kosa. Kijana aliyetumwa kupeleka bahasha iliyofungwa, asijue kilichomo, hajatenda kosa hili. Wala si lazima kitu kiwe mfukoni: kwa sheria ya New York, kuwa na kitu kunajumuisha pia kuwa na mamlaka juu yake, hata kama kiko kabatini au kwenye buti la gari huku wewe uko mbali. Kwa hiyo upande wa mashtaka una mambo mawili ya kuthibitisha, kwamba kitu kilikuwa chini ya mamlaka yako, na kwamba ulikijua ni kitu gani.

La pili ni gumu, kwa kuwa hakuna anayeweza kufungua kichwa cha mtu akatazama ndani. Hapo sheria imemsaidia mwendesha mashtaka kwa dhana: ukithibitishwa kuwa na kumbukumbu au kifaa cha kamari, huo peke yake ni ushahidi kwamba ulijua ni nini. Dhana hii haifungi mikono ya wanaoamua kesi. Wanaruhusiwa kuifuata, hawalazimishwi, na mzigo wa kuthibitisha hatia unabaki kwa serikali. Hata hivyo, mtu yeyote aliyewahi kukaa mahakamani anajua uzito wa jambo ambalo tayari linadhaniwa dhidi yako. Mwenye nyumba aliyempangisha mtu chumba cha nyuma, au mke ambaye droo ya chumbani ilikutwa na madaftari ya mumewe, anaanza kesi akiwa tayari na la kujieleza. Binafsi naona hapa sheria imemwelemea mnyonge kuliko ilivyopaswa.

Upande wa utetezi nao umeachiwa milango. Katika ngazi ya chini, kwa karatasi za bahati nasibu na mchezo wa namba, ni utetezi kusema kwamba namba zilizoandikwa ni zako mwenyewe na hazizidi kumi. Mstari huo umechorwa kumtenga anayecheza na anayekusanyia wengine, maana mtu wa kawaida hatembei na namba hamsini za kwake. Utetezi mwingine ni mpana zaidi: kwamba maandishi hayo hayakutumika, wala hayakukusudiwa kutumika, katika kamari hiyo. Mtafiti wa historia ya Harlem mwenye boksi la vikaratasi vya mwaka 1925 anaangukia hapo. Na kwa Waswahili walioko Marekani wanaocheza upatu, wenye daftari la majina, tarehe na kiasi cha kila mwezi: upatu wa kupokezana si kamari, kwa sababu kila mmoja anapata zamu yake na hakuna anayehatarisha pesa kwa bahati. Daftari lile linaweza kumtatiza askari asiyelijua, lakini si kumbukumbu ya kamari. Andika juu yake ni la nini.

Vifaa vimewekewa kifungu chao, na humo mashine za sloti, zile za kubahatisha kwa kutumbukiza sarafu, zina ukali wa pekee. Kifaa kingine chochote, kama meza ya ruleti au seti ya dadu, ni kosa kuwa nacho ikiwa unaamini kitatumika kuendeleza kamari haramu. Dadu za nyumbani hazimpeleki mtu jela. Mashine ya sloti haina huruma hiyo. Kujua tu kwamba ni mashine ya sloti kunatosha, hata kama hukuwa na mpango wa kuiwasha. Na kosa halimhusu aliyenayo peke yake: anayeitengeneza, anayeiuza, anayeisafirisha na anayeiweka dukani wote wamo.

Ukali huo una kisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 jiji la New York lilijaa mashine za sloti zilizodhibitiwa na jambazi Frank Costello. Mashine zile zilikuwa pia zinatoa peremende, ili wenyewe waweze kudai kwamba ni mashine za kuuzia bidhaa, na kwa muda amri ya mahakama iliwazuia polisi kuzikamata. Fiorello La Guardia aliposhika umeya mwaka 1934, alizikamata kwa maelfu, akapigwa picha akizivunja kwa nyundo, na shehena ikamwagwa kwenye maji ya Long Island Sound. Soma tafsiri ya mashine ya sloti katika sheria ya leo utauona mgogoro ule umebaki humo. Inasema mashine haiachi kuwa ya sloti kwa sababu imeharibika na inahitaji kutengenezwa kwanza, wala kwa sababu, mbali na kamari, inauza kitu kingine kwa njia isiyo ya bahati. Hila zote mbili za zamani zimezibwa kwa maneno. Kilichoachwa wazi ni mashine za kale: iliyotengenezwa angalau miaka 30 nyuma, na ambayo haitumiki kwa kamari haramu, mtu anaweza kuiweka sebuleni kama pambo.

Jambo moja huwashangaza wengi. Kwa sheria ya New York, anayecheza tu hatendi kosa la jinai. Anayeadhibiwa ni anayeendesha au anayenufaika na mchezo zaidi ya ushindi wake mwenyewe. Marafiki wanaocheza karata kwa pesa nyumbani, kila mmoja kwa masharti sawa na bila mwenye nyumba kukata chake, hawaguswi. Ndiyo maana kosa la kumbukumbu lina nguvu kiasi hiki: linasaidia kumtoa mwendeshaji katikati ya wachezaji. Tatizo ni kwamba tajiri wa mchezo ndiye anayeweza kukaa mbali na karatasi. Anayezibeba ni mkusanyaji anayelipwa asilimia, ambaye namba zikipita 500 anakabiliwa na kosa kubwa sawa na bosi wake. Uzito huo naona haumwangukii mwenye faida.

Na serikali yenyewe iliingia kwenye biashara. New York ilianzisha bahati nasibu ya jimbo mwaka 1967, kisha mwaka 1980 ikaanzisha mchezo wa tarakimu tatu unaofanana kabisa na ule wa Harlem, ukilipa dola 500 kwa dola moja iliyowekwa kwa mpangilio kamili. Karatasi ya aina ileile ikitoka kwenye mashine ya jimbo ni tiketi halali. Kinachoifanya nyingine iwe haramu ni kukosa ruhusa, si mchezo wenyewe. Tanzania nayo msingi ni huo: Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 haikatazi mashine wala mkeka, inakataza kuendesha bila leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Serikali kuu ya Marekani ina makosa yake pia. Sheria ya mwaka 1951 inazuia kusafirisha mashine za kamari kuzipeleka jimbo zilikopigwa marufuku, na ya mwaka 1961 inaadhibu, kwa kifungo kisichozidi miaka mitano, kuvusha kutoka jimbo hadi jimbo tiketi, rekodi na vifaa vya kupokelea dau. Lakini kuna kitu serikali hiyo ilikatazwa. Kwa muda mrefu iliwataka wapokea dau wajisajili na kulipa kodi maalumu, hata katika majimbo ambako kazi hiyo ni jinai. Katika kesi ya Marchetti ya mwaka 1968, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtu hawezi kuadhibiwa kwa kukataa kujisajili, ikiwa kujisajili ni kujitia hatiani mwenyewe. Tofauti ni ya msingi: karatasi uliyoiandika kwa hiari yako na ikapatikana kwa upekuzi halali inaweza kutumika dhidi yako, lakini kukulazimisha uandike ungamo lako ni jambo jingine.

Tangu Januari 2022 kubeti michezo kwa simu ni halali New York kupitia kampuni zenye leseni, na vikaratasi vya mfukoni vimepungua. Kosa limehamia kwenye simu. Sheria haikutaja karatasi peke yake. Ilisema maandishi, chombo au kitu chochote, na wakala asiye na leseni anayetunza dau za watu kwenye jedwali la simu yake, au kwenye mazungumzo ya kikundi, anazo kumbukumbu za kamari kama aliyezishona kwenye bitana la koti. Mwanachama wa kikundi hicho anayetuma mkeka wake tu bado ni mchezaji. Akianza kukusanya pesa za wenzake na kuchukua fungu lake, amevuka kwenda upande wa pili.